Mlio Ambao Mzee Pedali Hakuusikia

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika pale gereji. Watu walimwita Mzee Pedali, kwa sababu gari lolote lililoletwa kwake, liwe bovu namna gani, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Pedali inasemaje?" Mwenye gari akijibu kwamba pedali ni chuma na chuma hakisemi, mzee alicheka, akapanda mwenyewe, akaikanyaga mara tatu huku amefumba macho kama mtu anayeonja chumvi, kisha akashuka na kutaja ugonjwa. Mara tisa kati ya kumi alipatia. Ile ya kumi, mwenyewe alidai, ni gari ndilo lililodanganya.

Gereji yake ilikuwa chini kabisa ya mteremko mrefu wa kilomita tatu, pale barabara inapotulia na kukutana na njia ya sokoni. Ilikuwa na paa la bati, sakafu ya simenti iliyolewa oili mpaka ikawa nyeusi, na meza ya mbao yenye jiriwa. Upande wa pili wa uwanja huohuo alifanya kazi Fundi Umeme, mtu mfupi, mpole, ambaye maneno yake kwa siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Walikuwa pamoja kwa miaka ishirini, na hawakuwahi kugombania hata spana.

Kilichompa Mzee Pedali sifa kuliko mikono yake ni masikio. Zamani alikuwa akikaa kwenye stuli, ameipa barabara mgongo, chai mkononi, na magari yakishuka mteremko yeye anayasoma. "Huyo pedi zimekwisha, mbele kushoto." "Huyo diski imepinda." Mara mbili tatu watu walibishana wakalisimamisha gari, wakafungua gurudumu, wakakuta ni vilevile alivyosema. Wateja walipenda kusimulia jambo hilo kwa wenzao, na wenzao wakawa wateja.

Basi ikatokea kwamba michezo hiyo ilikoma. Haikukoma siku moja. Kidogokidogo mzee akaacha kusema chochote kuhusu magari yanayopita, na alipoulizwa alijibu kwamba amechoka kutibu bure. Nyumbani akaanza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama wana chakula mdomoni. Mkewe akawa anarudia kila kitu mara mbili, na ya tatu kwa hasira.

"Runinga hiyo unamwashia nani, baba watoto? Mtaa mzima?"

"Sauti yenyewe haijatulia."

"Wewe ndiye hujatulia."

Akacheka, naye mkewe akacheka, mambo yakaishia hapo. Miaka thelathini alikuwa amesaga vyuma kwa mashine inayopiga kelele kama mnyama aliyebanwa mlangoni, bila kuziba masikio hata kwa pamba. Hakuna mwingine aliyelifikiria hilo. Yeye ndiye aliyelifikiria, mara moja au mbili, akalisukuma pembeni.

Siku moja mchana gari jeupe la kubebea mikate lilitoka uwanjani baada ya kubadilishwa breki. Lilipokata kona ya geti likatoa mlio mwembamba, mkali, kama sindano inayochora bati. Fundi Umeme akainua kichwa kutoka kwenye nyaya zake. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, ametulia tuli, anampungia dereva. Fundi Umeme akajiambia kwamba kama kungekuwa na kitu, mzee wa masikio yale angekuwa wa kwanza kukisikia. Akainamia nyaya zake.

Mzee alikuwa na binti, muuguzi katika zahanati iliyo juu ya mteremko. Alikuwa na gari dogo, kuukuu, la nati nne kila gurudumu, nalo alilipenda kwa sababu lilikuwa lake. Likaanza kuvuma mbele. Mzee akalifungua, akakuta beringi imekufa na imeila habu yenyewe, ile sehemu ya katikati inayoshikilia gurudumu. Wakatafuta habu ya namna ile madukani na kwenye viwanja vya magari mabovu kwa mwezi mzima. Hazikuwepo. Zilizokuwepo ni za kaka mkubwa wa gari hilo, gari la kiwanda hichohicho lakini lenye injini kubwa na nati tano.

"Zitaingia?" binti aliuliza. Walikuwa jikoni nyumbani kwa wazee, mama yake anachambua mchele.

"Kuingia zitaingia. Lakini mwanangu, hatubadilishi habu tu. Sikiliza." Mzee akachukua sahani na kisosi, akavipanga mezani. "Hiki kisosi ni diski yako ya zamani. Kwenye habu mpya haikai. Tunaweka hii sahani. Sasa sahani ni kubwa, kile chuma cha kuibana hakiifikii, kwa hiyo tunaweka kikubwa. Kikubwa kinakunywa mafuta mengi ya breki, ile pampu yako ndogo haitakishibisha, pedali itazama. Kwa hiyo na pampu tunabadilisha. Na nyuma nako lazima tuguse, la sivyo mbele itashika na nyuma itakuja kukusalimia."

"Baba, mimi nililalamika kuhusu mvumo. Sasa unaniambia nibadilishe gari zima nibaki na kioo cha kujitazamia."

"Wapo mafundi watakubadilishia habu na kukuachia breki zilezile, kipande cha chuma hapa, washa tatu za kuzibia nafasi pale. Wanapiga picha, wanapongezana. Mimi sitakupa gari la namna hiyo."

"Na sahani yangu rudisha," alisema mkewe.

Kazi ilichukua siku tisa. Mzee aliifanya kwa moyo ambao Fundi Umeme hakuwa ameuona siku nyingi. Alisafisha kila uzi wa boliti kwa brashi ya waya. Alimpelekea mkereza vyuma pete mbili zichongwe ili rimu mpya zikae katikati sawasawa, na alipoletewa moja ikiwa imezidi unene wa unywele, aliirudisha. Aliweka diski mpya, vibano vipya, pampu kubwa, na mipira mipya ya kupitishia mafuta ya breki, ile ya gari kubwa, iliyokuwa mirefu kidogo kuliko ya zamani.

Mipira hiyo ndiyo ilikuwa na jambo lake. Kwenye gari kubwa kuna kishikizo kilichochomelewa kwenye shokabso ili mpira ukae mbali na gurudumu. Shokabso za gari dogo hazikuwa nacho. Mzee akaifunga mipira kwa klipu za chuma, akazikaza. Gari likiwa juu ya jeki akaugeuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, akapitisha kidole kati ya mpira na rimu. Kidole kilipita. Alijua vizuri kwamba hilo halitoshi. Gari likiwa hewani ni kitu kimoja, na likikaa chini na uzito wake, likabonyea kwenye kona, ni kitu kingine, na kidole hakifiki huko. Jambo la namna hiyo maisha yake yote alilipima barabarani, kwa kulisikiliza.

Akatoa upepo kwenye breki, akajaza mafuta, akalitoa gari. Alizunguka mtaa mara mbili. Pedali ilikuwa juu, imara, tamu. Akarudi uwanjani uso umemkunjuka.

Fundi Umeme alikuwa amesimama getini. Gari lilipokata kona kuingia, alisikia *chwi, chwi, chwi*, mlio mdogo uliokuwa unafuata mzunguko wa gurudumu.

"Mzee, hicho nini?"

"Kipi?"

Fundi Umeme akamtazama machoni. Akaona kitu ambacho baadaye alikieleza kwa shida: si hasira, si mshangao, bali namna mtu anavyotazama akiombwa kitambulisho ilhali hana.

"Hapana," akasema. "Labda matairi mapya."

"Matairi mapya," mzee akaitikia haraka.

Binti akaja, akakabidhiwa ufunguo, akazunguka gari lake akilisifu. Aliondoka kwa furaha, akipiga honi. Mzee alisimama getini muda mrefu baada ya gari kupotea, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

Siku ya nne binti alipiga simu. "Baba, shikamoo. Gari linasimama vizuri mno. Ila nikikata kona kuna kitu kinalia. Kama mtu anasugua kitambaa kibichi kwenye kioo."

"Kila kona?"

"Zile kali. Kushoto zaidi."

"Jumamosi asubuhi njoo tupande wote."

Jumamosi ilikuwa na jua kali tangu mapema, na njia ya sokoni ilijaa watu. Wakapanda mteremko, binti akiendesha, mzee pembeni yake. Aliteremsha kioo. Akatoa kichwa nje kidogo. Upepo, injini, matairi juu ya lami, vyote alivisikia. Kwenye kona ya pili binti akakata kushoto.

"Hiyo! Umesikia?"

Mzee akazidi kutoa kichwa nje.

"Baba? Hiyo hapo, chwi chwi chwi. Umesikia?"

Hapa ndipo jambo zima lilipokuwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kulificha baadaye. Hakusikia kitu. Alitega masikio mpaka shingo ikamuuma, na pale ambapo binti yake alisema kuna mlio, kwake palikuwa kimya kabisa, kama ukuta. Angeweza kusema simamisha gari, tushuke, tulitazame. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini kusema hivyo kwa ajili ya mlio ambao yeye hausikii kulikuwa ni kusema na lile jingine.

"Ni pedi mpya," akasema. "Zinazoeana na diski. Wiki moja mlio utakwisha."

"Una uhakika?"

"Mama, nimeanza kazi hii hujazaliwa."

Binti akacheka. "Haya, mzee wa kazi."

Wakafika zahanati. Binti akashuka kuchukua faili aliyoisahau, akarudi, akaligeuza gari. Wakaanza kushuka.

Kona ya kwanza gari lilitulia vizuri. Ya pili nayo. Kabla ya kona ya tatu binti alikanyaga breki na kukata kushoto, na mzee akahisi kitu kwenye nyayo zake mwenyewe, mtikisiko mdogo kwenye sakafu ya gari, kama uzi mnene uliokatika.

"Baba, pedali imeshuka."

"Kanyaga tena."

"Nakanyaga. Inazama. Baba, inazama!"

Mzee akatazama kioo cha pembeni akaona mstari mweusi wa majimaji unawafuata juu ya lami. Akajua papo hapo. Breki za mbele zimekwenda. Zimebaki za nyuma, peke yake, kwa kilomita mbili za mteremko, na chini kabisa kuna njia ya sokoni siku ya Jumamosi.

"Usipige pedali ovyo. Ishikilie. Shusha gia. Ya tatu."

Injini ikanguruma.

"Sasa ya pili."

"Itavunjika!"

"Ivunjike!"

Injini ikapiga ukelele. Huo aliusikia. Akashika breki ya mkono akaanza kuivuta kwa pole, jino moja baada ya jingine, akijua kwamba akiivuta kwa hofu nyuma ingeteleza na gari lingegeuka ubavu. Kwenye kona ya nne walipita ubavuni mwa lori kiasi cha kuweza kugusa matope yake. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, na mwendo uliokuwa umepungua ukaanza kurudi taratibu, maana breki za nyuma zilikuwa zimepata moto na zinakata tamaa. Binti hakulia wala hakupiga kelele. Aliushikilia usukani, macho barabarani.

Chini, upande wa kushoto kabla ya njia panda, palikuwa na uwanja wa mfyatua matofali, na mbele yake lundo la mchanga.

"Unauona ule mchanga?"

"Nauona."

"Peleka gari pale. Usikwepe dakika ya mwisho."

Hakukwepa. Gari liliingia mchangani kwa pua, likapanda, likalala ubavu kidogo, likapiga safu ya matofali mabichi na kunyamaza. Vumbi likafunika kila kitu.

Mfyatua matofali akatoka mbio. "Matofali yangu ya leo yote! Mmeua matofali ya—" Kisha akaona damu kwenye paji la uso la mzee, na binti aliyekuwa anajaribu kufungua mlango kwa mkono usiotii, akakata maneno na kuwavuta nje mmoja mmoja. Mita sitini mbele yao watu walikuwa wanavuka barabara na vikapu. Wengi hawakujua kwamba kuna jambo limetokea.

Mzee hakukaa. Akajilaza tumboni mchangani, damu ikimwingia jichoni, akachungulia nyuma ya gurudumu la mbele kulia. Klipu ilikuwa imezunguka mahali pake. Mpira ulikuwa umelalia rimu, umesuguliwa tangu siku gari lilipotoka gereji, umeliwa mpaka nyuzi za ndani, na kwenye nyuzi kulikuwa na tundu. Ndani ya rimu palikuwa na ukanda unaong'aa kama fedha, upana wa kidole chake. Alipitisha kidole juu yake. Ulikuwa laini kabisa.

Alipoinuka binti alikuwa ameketi juu ya tofali, ameushika mkono wake uliovunjika kwenye kifundo, anamtazama.

"Baba. Kule juu, ulisikia au hukusikia?"

"Sikusikia."

"Ukasema ni pedi."

"Nilisema."

Mfyatua matofali akaleta maji.

Mkono wa binti ulipofungwa plasta, ni yeye aliyempeleka babake hospitali ya masikio. Walimwingiza kwenye kibanda kidogo kama kabati, chenye kuta za sponji, wakamvika vidude masikioni na kumpa kitufe. Abonyeze kila anaposikia. Mzee akakaa wima kama mtahiniwa. Milio minene ilikuja, akabonyeza. Mingine ikaja, akabonyeza. Kisha pakawa kimya kirefu mno. Kupitia kioo aliona kidole cha mpimaji kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na uso wa binti yake, aliyekuwa anasikia kila kitu kutoka kwenye mashine, unabadilika. Yeye aliendelea kungoja.

Mpimaji, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akamwonyesha karatasi. "Sauti nene unazipata vizuri, babu. Nyembamba ndizo zimeondoka. Filimbi, kengele, ndege, vitu vinavyosuguana. Ni kelele za kazi, na umri umesaidia."

"Zimeondoka lini?"

"Haya hayaji kwa siku moja. Kwa hali hii, ningesema miaka mitatu. Pengine minne."

Binti alidhani babake atasikitika. Lakini mzee alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole juu ya goti lake, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu magari.

Jumatatu alimkuta Fundi Umeme anakunja nyaya. Akasimama mbele yake.

"Ulijua?"

Fundi Umeme hakuuliza nini. "Nilisikia milio, mzee. Mara kadhaa."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unaisikia. Halafu nikadhani labda huisikii, nikaona haya kukuuliza." Akaweka nyaya chini. "Lile gari la mikate nalo lilitoka hapa linalia. Kila nikiliona barabarani moyo unanipasuka."

Mzee akaketi kwenye stuli. Kama kulikuwa na hasira, haikupata mahali pa kusimama, maana alimwona mwenzake hathubutu kuinua uso. "Basi kaa hapa tukumbuke wote," akasema. "Kila gari nililogusa breki na kulipitisha kwa sikio."

Wakakumbuka kumi na saba. Mzee akawapigia simu wenyewe wote, na kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Lete gari nilitazame tena. Nimekosea. Masikio yangu yamekufa na sikukuambia." Wengine walicheka wakidhani ni utani wake. Wengine walimpa pole. Mmoja alimtukana na kumkatia simu, kisha akaja saa moja baadaye, kimya, akaegesha mwenyewe mwisho wa foleni. Teksi moja ilikutwa na boliti ya kibano iliyolegea mpaka ikawa inazungushwa kwa vidole. Gari la mikate lilikutwa pedi zimekwisha na chuma kinasaga chuma. Dereva wake alisema tangu siku ile lilikuwa linapiga kelele, lakini kwa kuwa limetoka kwa Mzee Pedali, alijua kwamba ni salama.

Neno hilo lilimlaza mzee siku mbili. Mkewe alimletea uji, akauweka, akaurudisha.

Kumi na sita yalifika. Moja halikufika. Ilikuwa pikapu ya kijani, nayo mzee aliibadilishia habu kutoka nati nne kwenda tano na kuipa breki kubwa, kazi ileile, mipira ileile mirefu, klipu zilezile. Mwenye pikapu alishaiuza kwa mtu wa mbali aliyemkuta mnadani. Jina hakulikumbuka. Alikumbuka tu kwamba mnunuzi alisema anataka gari la kubebea mawe.

Mzee akaanza kusafiri. Alitia kwenye mfuko mipira miwili mipya, vishikizo viwili alivyovichonga kwa mkono, spana chache na kopo la mafuta ya breki, na kila Jumatatu, gereji ikibaki kwa Fundi Umeme, alipanda basi kwenda kwenye machimbo ya mawe, moja baada ya jingine. Binti yake alimwambia ni kama kutafuta punje kwenye gunia. Akamjibu kwamba punje moja haimuui mtu. Wiki ya tano, kwenye chimbo lililoko juu ya milima, wapasua mawe walimwambia ndiyo, pikapu ya kijani ipo, nati tano, inakuja kila Jumatatu asubuhi. Ila leo imechelewa. Kwa kawaida saa tatu inakuwa hapa. Sasa ni saa saba.

Akaketi juu ya jiwe kungoja. Njia ya kushuka kutoka kule ilikuwa ya vumbi, nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine hamna kitu. Aliitazama mpaka macho yakaota vumbi. Mpasua mawe mmoja akamuuliza kama ni ndugu yake anayemngoja. Akasema anangoja gari.

Saa nane unusu vumbi likainuka chini kwenye njia, likapanda polepole, na ndani yake pikapu ya kijani ikatokea. Dereva alikuwa kijana mnene, mcheshi, aliyechelewa kwa pancha tu. Alimkuta mzee amesimama katikati ya njia, amenyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo mzee. Unataka kufa?"

"Marahaba. Pikapu hii inalia ikikata kona?"

Kijana akashangaa. "Umejuaje? Inalia miezi sasa. Mwanzoni ilinikera. Nikanunua redio kubwa."

Mzee akalala chini ya gari. Mpira wa kulia ulikuwa umeliwa nusu. Wa kushoto ulikuwa umebaki nyuzi, zimevimba, zinatoa jasho la mafuta. Ulipominywa kidogo tu kwa vidole ukatema tone. Kijana alichungulia, akaona, akaacha kucheka. Nyuma yake wapasua mawe walikuwa wameshaanza kupakia mzigo.

"Waambie wasubiri," mzee akasema kutoka chini.

Alifanya kazi mpaka saa kumi. Aliibadilisha mipira, akafunga vishikizo, kisha akamwomba mpasua mawe mmoja apande nyuma na wenzake ili gari libonyee, akaugeuza usukani, akapima kwa kidole, kisha kwa kipande cha karatasi, kisha akamwomba dereva apime naye. Baada ya hapo walizunguka uwanja wa chimbo mara kumi, na kila mzunguko mzee aliuliza: "Unasikia kitu?"

"Sisikii, mzee."

"Zima redio kabisa."

"Nimeizima tangu mwanzo."

"Na sasa?"

"Hamna kitu. Kweli."

Mawe yakapakiwa. Basi la mwisho lilikuwa limeshapita, na kijana akamwambia apande, atamfikisha barabara kuu. Mzee alisimama kidogo na mfuko wake mtupu, akiitazama njia ile nyembamba. Kisha akapanda, akafunga mkanda, akaweka viganja juu ya magoti. Pikapu ikainamisha pua na kuanza kushuka na mzigo wake.

Kijana akaanza kusimulia kuhusu pancha. Mzee aliitikia hapa na pale bila kusikia nusu ya maneno. Njia nzima hadi chini hakuitazama barabara hata mara moja. Alikuwa anautazama mguu wa dereva.